Chupa Katika Sanduku la Verediana

Kidahwe,
4 Machi 1974

Bibi Mwavita binti Kalonda,
Ujiji.

Bibi,

Hunijui. Naitwa Oswald Bitariho. Nilikuwa mwalimu wa shule za misheni kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa nimestaafu. Mke wangu, Verediana, alifariki tarehe 12 Novemba mwaka jana, siku tisa tangu aliposhikwa na homa. Nakuandikia kwa jambo moja tu.

Katika sanduku lake la nguo, chini kabisa, nimekuta chupa ndogo ya mafuta ya kunukia iliyofungwa katika kipande cha kanga. Imebaki robo. Shingoni mwake pana karatasi yenye jina lako na neno Ujiji. Watu wanaokwenda sokoni wamenieleza kwamba mafuta yako hayawekwi dukani, bali hutengenezwa kwa kuagizwa, kila chupa kwa mtu wake.

Mimi sikuagiza. Nyumbani mwangu hapakuwa na mafuta ya kunukia, na yeye alijua sababu. Mwaka 1958 alikuja kwenye sikukuu ya shule akiwa amejifukiza udi, nami nikamrudisha nyumbani akaoge, mbele ya walimu wenzangu. Nilimwambia kwamba mke wa mwalimu hunukia sabuni na inatosha. Hakurudia. Kwa hiyo nataka unijulishe ni nani aliyeagiza mafuta haya.

Nieleze kwa nini nauliza. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake wa kike, na mgane hahami nyumba kabla hazijagawiwa. Mimi napaswa kuhama kabla ya mwisho wa Juni. Kijiji kipya cha ujamaa kimepimwa kando ya barabara ya Kasulu, na sisi wa mlimani sote tunashuka. Mdogo wake, Margareta, alikuja kutoka Mwamgongo mwezi wa Januari kuchukua nguo. Nilimrudisha mikono mitupu na nikamweleza sababu, mbele ya watu waliokuwapo: kwamba sigawi nguo za mwanamke aliyepewa mafuta na mwanamume mwingine mpaka nimjue mwanamume huyo. Misa yake pia sijaiandikisha.

Nangoja jibu lililo wazi.

Oswald Bitariho


Ujiji,
17 Machi 1974

Mwalimu Oswald,

Salaam, na pole ya msiba. Kumbe Verediana hayupo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikakaa chini. Mungu amrehemu.

Usinicheke kwa mwandiko. Zamani niliandika kwa herufi za Kiarabu tu. Hizi zenu nimezijua mwaka juzi katika darasa la watu wazima, nikiwa bibi wa wajukuu kumi na mmoja, na anayenifundisha ni mtoto niliyemwogesha mimi siku aliyozaliwa.

Swali lako silijibu. Kazi hii niliirithi kwa mama yangu, naye aliivusha ziwa kutoka Manyema, na ina masharti yake. Mwenye kuagiza huniambia mafuta ni ya nani, nami simwambii mtu, awe mume, awe mke, awe kadhi. Na juu ya hayo, Verediana nilimpa mkono kwamba sitasema. Mkono ule hajanirudishia.

Lakini nikuulize mimi. Umeyanusa? Si kwenye chupa. Kwenye chupa utasikia chupa. Paka tone moja ndani ya kiwiko, asubuhi kabla hujala, usisugue. Nusa mara ile, kisha baada ya saa mbili, kisha jua likiwa utosini, kisha magharibi. Uniandikie ulichosikia. Nimechanganya mafuta miaka hamsini, na watu wamenisifu na wamenitukana, lakini hakuna aliyewahi kuniandikia alichosikia.

Mwavita


Kidahwe,
30 Machi 1974

Bibi Mwavita,

Nimepokea barua yako. Nairudisha pamoja na hii, ikiwa imesahihishwa. Makosa ni kumi na manne, mengi yakiwa ya nafasi baina ya maneno. Usichukulie vibaya, sijui njia nyingine ya kusoma.

Nimefanya ulivyosema, ingawa sioni kwamba ni jibu. Matokeo ya tarehe 27 Machi ni haya.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: karafuu kidogo.
Saa mbili na nusu: hakuna.
Saa sita mchana: hakuna. Ngozi yangu tu.
Saa kumi na mbili jioni: hakuna.

Siku iliyofuata nilirudia kwa mkono wa kushoto. Ikawa vilevile. Naona ama mafuta yamechacha, ama yalikuwa maji ya kumdanganyia mwanamke. Nilitazamia kwamba jambo hilo lingenifurahisha. Halikunifurahisha. Siku hizi mambo mengi hayanifurahishi wala hayanichukizi. Siku ya mazishi nilisimama penye kaburi nikawa nasahihisha moyoni sala ya katekista, ambaye huchanganya umoja na wingi. Sikulia. Watu walisema Mwalimu ana uvumilivu. Sikuwa na kitu cha kuvumilia.

Chakula nakula. Usingizi napata. Narudia swali langu: ni nani aliyeagiza?

Oswald Bitariho


Ujiji,
14 Aprili 1974

Mwalimu,

Barua yangu imerudi nyekundu kama kuku aliyechinjwa. Nilimwonyesha kijana wangu wa darasa la jioni. Akaitazama, akaigeuza, akaniuliza, "Bibi, mtu huyu anaishi na nani?" Nikamwambia, "Anaishi na kalamu."

Mafuta hayajachacha. Ndani yake mna vitu saba juu ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, niliyoyachuja mara tatu. Karafuu na mawaridi ni wageni: hupiga hodi kwa kelele, wakanywa maji, wakaondoka. Nyuma yao wapo sandali na zafarani, hao hukaa mpaka mchana. Chini kabisa upo udi, na miski kidogo, na jani moja la kwenu mlimani, mravumba. Sisi wa Ujiji mravumba hatuutii katika mafuta. Niliutia mara hiyo moja kwa kuwa niliombwa. Hao wa chini hukaa ndani ya nguo hata ikifuliwa mara nyingi.

Wewe umemsikia mgeni mmoja akipita, ukasema nyumba haina watu.

Niambie, nguo zako sasa anafua nani? Anafua kwa sabuni gani, anaanika wapi?

Na ufanye hivi. Usipake tena mpaka upite mwezi mzima. Chupa iondoe chumbani mwako, iweke ghalani. Nguo zote unazovaa zifuliwe mtoni, zipigwe na jua. Mwezi ukiisha, paka tone, uniandikie tena saa kwa saa. Mimi jibu nililokataa kukupa kwa mdomo sikukataza ulipate kwa pua.

Mwavita


Kidahwe,
19 Mei 1974

Bibi Mwavita,

Nguo zangu anafua Klementina, mke wa mwanangu Feliksi aliyeko kazini Tabora. Anafua mtoni kwa sabuni ya mawese na kuanika juu ya majani. Alifanya hivyo tangu msiba, hata kabla ya barua yako. Sielewi swali hilo lilihusu nini.

Hata hivyo nilitii. Nilipaka tarehe 16 Mei.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: karafuu. Kisha mawaridi, wazi kabisa, kama kupita kando ya bustani ya mapadri.
Saa mbili na nusu: mawaridi yamepungua. Kipo kitu kikavu, kitamu kidogo, kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Nadhani ndiyo sandali.
Saa sita mchana: penseli ingalipo. Chini yake lipo jani. Ni mravumba. Mama yangu alikuwa akinifukiza nao nilipougua kifua.
Saa kumi na mbili jioni: moshi ambao sikuweza kuutaja. Nilikaa na mkono puani mpaka Klementina akaniuliza kama nimeumia.

Sijui ni kwa nini mwezi wa Machi sikusikia haya. Nakiri kwamba si mafuta ya ovyo. Aliyeyaagiza alijua anachokitaka, na alikuwa na subira. Kabla ya hapo nilimwona kuwa mhuni wa sokoni. Sasa namwona kuwa mtu bora kuliko nilivyodhani, na hilo kwangu ni baya zaidi.

Lipo jingine. Jirani yangu Gervasi alikuja kuazima nyundo. Zamani alikuwa akiketi nami benchi moja kila Jumapili baada ya Misa. Tangu msiba huketi mlangoni, akimaliza shida yake huondoka. Nilimpa chupa anuse. Alinusa, akacheka.

"Mwalimu, na hii nayo unaniuliza? Mlima mzima tunaijua."

"Mnaijua tangu lini?"

"Ego, ndiyo, tangu Uhuru. Hata watoto wanaijua. Wakiisikia inakuja njiani wanaficha mpira."

Nilimnyang'anya chupa nikamwambia atoke. Alitoka bila nyundo, akisema, "Sasa nimekosea nini?" Basi ni hivyo. Miaka kumi na miwili mlima mzima ulijua, isipokuwa mimi. Tena ni mtu mwenye mamlaka, mtu ambaye watoto humwogopa. Hapa kwetu watu wa namna hiyo ni wawili tu, ukinitoa mimi. Sitawauliza. Sihitaji tena jina. Nguo zake sitazigawa wala sitahama nazo, nitazichoma.

Nakushukuru kwa mafunzo yako.

Oswald Bitariho


Ujiji,
27 Mei 1974

Mwalimu,

Barua yako imefika leo, na hii naitia posta leo hii. Usichome kitu.

Gervasi hakukutukana. Soma tena alichokuambia, ukisome kama unavyosoma barua zangu, neno baada ya neno, na wino mwekundu mkononi.

Mimi sikwambii, nilitoa mkono. Nakuuliza tu. Je, unayo nguo uliyoivaa Verediana akiwa hai na ambayo Klementina hajaifua hata mara moja? Ninyi wanaume wa kanisani huwa na koti la Jumapili. Kama lipo, lifungue, ingiza uso ndani, vuta pumzi. Ukimaliza ndipo uamue juu ya moto.

Mwavita


Kidahwe,
2 Juni 1974

Margareta,

Nakuarifu kwamba jambo lililonifanya nikurudishe mikono mitupu mwezi wa Januari limethibitika. Majirani wanalijua tangu mwaka wa Uhuru. Nguo za dada yako nitazichoma Jumamosi, tarehe 8 Juni, pamoja na chupa. Usijisumbue kupanda mashua.

Oswald Bitariho


Mwamgongo,
12 Juni 1974

Shemeji Oswald,

Barua yako imefika Jumatatu, tarehe 10. Jumamosi ilikuwa imekwisha kupita. Hiyo ndiyo kuarifu kwenu watu wa shule?

Sikuandikii nikutukane, ingawa maneno ninayo na watoto wangu wameyasikia. Naandika ili ujue ulichokichoma. Mama yetu hakutaka gauni wala sweta. Alitaka kitenge kimoja, kile cha kijani, Verediana alichokivaa alipokuja kumwuguza mwaka juzi. Alitaka akilalie. Nilimwahidi mwezi wa Januari, nikaenda, nikarudi bila kitu, nikamwambia shemeji bado ana huzuni. Nilimdanganya kwa ajili yako.

Sasa nimemwambia kweli. Hakuuliza habari za mwanamume. Aliuliza kama siku hiyo ya moto wewe ulikula.

Margareta


Kijiji cha Ujamaa, Kidahwe,
23 Juni 1974

Bibi Mwavita,

Barua yako ya tarehe 27 Mei nimeipata tarehe 15 Juni. Ilikuwa imepelekwa kwenye ofisi ya kijiji kipya, ambako jina langu lilikwisha kuandikwa katika orodha ingawa mimi mwenyewe nilikuwa bado mlimani.

Nguo nilizichoma tarehe 8 Juni kama nilivyosema. Haikuchukua muda mrefu. Chupa pia niliitia. Nilisimama upande upepo unakotoka ili moshi usinifikie. Klementina ananiambia kwamba chupa ilipopasuka harufu ilishuka mpaka kwenye migomba ya Gervasi na watu waliacha kulima. Mimi sikuisikia.

Koti lipo. Lilikuwa ndani ya sanduku langu mwenyewe; sikulivaa tangu Novemba kwa ajili ya msiba. Barua yako niliisoma siku niliyokuwa navua mabati ya paa. Niliingia ndani ya nyumba isiyo na paa, nikaketi juu ya sanduku, nikalifungua koti, nikafanya ulivyoagiza.

Nitaeleza kwa utaratibu. Kwanza mravumba. Kisha ule moshi nilioshindwa kuutaja. Kisha, kwa mbali, penseli. Karafuu na mawaridi havikuwapo. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Yalikuwa mafuta yaleyale.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mtu huyo alikuwa akilivaa koti langu. Nilikaa na wazo hilo mpaka jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Nilitazama mabega ya koti nione kama yamepanuka. Ndipo nikawakumbuka watoto wanaoficha mpira. Nikakumbuka pia nilivyokuandikia kwamba watu wa namna hiyo ni wawili ukinitoa mimi, na sikuweza kuona ni kwa nini nilijitoa.

Hata hapo sikulia. Nilikunja koti nikapanda tena kuvua mabati, kwa sababu lori lilikuwa lifike saa tisa.

Sasa nimejua mwenyewe. Nieleze yaliyobaki.

Oswald Bitariho


Ujiji,
5 Julai 1974

Mwalimu,

Hukuambiwa na mimi. Basi naona mkono wangu umerudi, nitasema.

Alikuja siku bendera ilipopandishwa Kigoma, ile Desemba ya Uhuru. Ninyi walimu mlikuwa mmesimama juani na wanafunzi wenu. Yeye akaponyoka, akashuka Ujiji kwa miguu, shati lako ndani ya kikapu. Kwangu mimi, anayetaka mafuta ya mtu huniletea nguo ambayo mtu huyo ameivaa siku tatu na haijafuliwa, nami huchanganya nikiinusa hiyo. Nikanusa shati. Nikamwuliza, "Huyu mumeo anafanya kazi gani?"

Akasema, "Anza wewe, niambie umesikia nini."

Nikasema, "Chaki, wino, na hasira."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema, "Si mtu mbaya, Bi Mwavita. Ila hakuna anayeweza kukaa karibu naye, hata mimi. Nataka mtu akikaa naye siku moja atamani kukaa tena. Na asijue. Akijua, shati atalivua." Huo ndio mkono nilioutoa.

Tulihangaika miezi minne. Nachanganya, anapeleka, anarudi: "Bado anatisha." Nachanganya tena. Mravumba aliuleta yeye, akasema ulimwambia wakati fulani kwamba ulifukizwa nao utotoni, na kwamba ilikuwa mara ya pekee aliyokusikia ukimtaja mama yako. Tulipoutia huo, akarudi baada ya wiki mbili akasema, "Jumapili Gervasi alikaa naye mpaka mchana." Hatukugusa tena kitu.

Alitia tone moja katika maji ya mwisho ya kusuuzia, kila Jumamosi. Chupa tatu katika miaka kumi na miwili. Ulikuwa unayavaa kila siku, ndiyo maana mwezi wa Machi ulisikia ngozi yako. Pua huacha kusikia kinachokaa juu yake kila siku. Klementina hakuwa na chupa, akafua miezi sita, yakatoka kidogokidogo, na wewe ukaanza kuyasikia kidogokidogo. Gervasi naye akahamia mlangoni. Sidhani kama anajua sababu.

Sasa langu. Ningeweza kukuandikia maneno matatu ile siku ya kwanza. Ahadi ilikuwa nzito, ni kweli, lakini pia niliona fahari: mwalimu mzima nitamfundisha mimi, kwa barua. Nguo za watu zimeungua juu ya fahari hiyo. Hilo sikuachii ulibebe peke yako.

Usiniombe chupa nyingine. Si kwa hasira. Mafuta haya mtu huagiziwa na mwingine, hajiagizii. Mama yangu hakuvunja sharti hilo, na mimi silivunji.

Mwavita


Kijiji cha Ujamaa, Kidahwe,
28 Julai 1974

Margareta, shemeji yangu,

Dada yako hakuwa na mwanamume mwingine. Mafuta yalikuwa ya kwangu. Aliyaagiza yeye na kuyatia katika nguo zangu kwa miaka kumi na miwili ili watu waweze kukaa karibu nami, nami sikujua. Niliyoyasema mwezi wa Januari yalikuwa uongo. Niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo niliona lazima niyafute mbele ya watu.

Jumapili iliyopita, katika mkutano wa kijiji, niliomba nafasi baada ya habari za majembe. Nilisimama nikaeleza yote, pamoja na moto. Nilitazamia minong'ono. Haikuwapo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Gervasi akasema, "Swali hakuna. Sisi tulijua siku zote ni ya Mwalimu. Aliyekuwa hajafika ni Mwalimu." Watu wakacheka kidogo, kisha zikasomwa zamu za shamba la mahindi. Yangu ni Jumanne. Misa ya dada yako nimeiandikisha, na imesomwa.

Nguo zilikuwa haki yako, na kitenge kilikuwa haki ya mama. Havipo. Sina kitu cha kuweka mahali pake. Kilichobaki chenye kazi ya mikono ya Verediana ni koti langu, nami nalituma kwako kwa watu wa mashua.

Halijafuliwa. Usilifue. Lifungue asubuhi kabla hujala, mara moja kwa wiki, isizidi, maana ukilizoea hutasikia tena kitu. Kwanza utasikia jani, nalo ni mravumba, usiliache upesi. Baada yake utakuja moshi. Huo ni udi. Mwisho kabisa, ukiwa na subira, utasikia mti mkavu. Siku za kwanza huenda usisikie chochote. Usiseme kwamba hakuna. Mimi nilisema.

Uliniandikia kwamba mama aliuliza kama nilikula siku ile. Nilikula. Ugali na dagaa, nikamaliza.

Oswald Bitariho


Mwamgongo,
11 Agosti 1974

Shemeji,

Koti limefika. Lililowa maji ya ziwa upande mmoja, nimelianika kivulini. Sijalinusa. Limekunjwa juu ya kabati.

Barua yako nilimsomea mama. Anasikia kwa sikio la kulia tu, kwa hiyo nilisoma kwa nguvu, na majirani nao wamesikia. Pale uliposema hukujua alinirudisha nisome tena. Nikasoma. Pale pa ugali na dagaa alitikisa kichwa. Nilipomaliza akasema, "Hiyo ni barua ya Margareta. Mimi sijaambiwa kitu."

Nikamwambia, "Mama, mkwe hasemi na mkwe uso kwa uso."

Akasema, "Nani anautaka uso wake?"

Amekwisha kupanga. Yeye atakaa ndani, nyuma ya ukuta wa matete, na wewe utakaa nje kwenye kigoda, palepale ulipokaa siku ulipoleta posa. Utamweleza binti yake alikuwa mtu gani, tangu siku ulipomchukua hapa mpaka siku ulipomzika. Si habari za mafuta, hizo amezisikia. Amesema asipomtambua mtoto wake katika maneno yako utaanza upya, hata ikichukua siku mbili. Akiridhika, nitalishusha koti tulinuse wote watatu. Asiporidhika, utarudi nalo Kidahwe.

Mashua hutoka Kigoma Jumatano na Jumamosi. Ukifika usipige hodi, kohoa. Ukianza kumsahihisha katikati, nitakutoa mwenyewe.

Margareta